Nani Aliyekata Mikoko ya Rufiji?

Katika semina za mazingira na vipeperushi vya miradi, historia ya mikoko ya delta ya Rufiji husimuliwa kwa mkato hivi: zamani ilikuwa tele, wanakijiji wasiojua thamani yake wakaikata, kisha katika miaka ya 1990 serikali na wafadhili wakaleta utaratibu wa kuinusuru. Siku hizi huongezwa neno moja zito, "wavamizi", wakikusudiwa wakulima wa mpunga wa upande wa kaskazini wa delta. Neno hilo likishatamkwa mazungumzo huwa yamekwisha, maana mvamizi hana la kuulizwa isipokuwa ataondoka lini.

Sikubaliani na simulizi hiyo, na kabla hata sijawaonea wanakijiji huruma, nyaraka zenyewe zinanikataza kukubaliana nayo. Mikoko ya Rufiji iliwekwa chini ya ulinzi wa serikali mwaka 1898, na ni miongoni mwa misitu ya kwanza nchini kuwekewa mpaka wa kisheria. Imelindwa na Wajerumani, imelindwa na Waingereza, imelindwa na Tanganyika huru na Tanzania. Kama sheria peke yake ingekuwa na uwezo wa kuotesha mti, delta ile leo isingepitika. Swali linalostahili kuulizwa ni jingine: katika miaka yote hiyo, nani alitumwa kwenda kuilinda, na huko alikotumwa alipimwa kwa kipimo gani?

Upo waraka mmoja ambao watafiti huutaja chini ya ukurasa na kupita. Mwaka 1904 ofisa misitu wa Kijerumani kwa jina la Grass alichapisha taarifa iitwayo Forststatistik für die Waldungen des Rufiyi-Deltas, yaani takwimu za misitu ya delta ya Rufiji. Haijulikani sana kwetu kwa sababu ya lugha yake. Lakini hata anayesoma jina tu hujifunza kitu. Baada ya miaka michache ya ulinzi, jambo la kwanza ambalo mlinzi aliona linafaa kuandikwa kitabuni lilikuwa hesabu. Hakuandika kwanza juu ya samaki wanaozaliana mizizini wala juu ya watu wanaokaa pale. Sishangai. Delta ilitengwa kwa sababu ilikuwa na mali inayouzika: boriti kwa ajili ya nyumba, na magome yenye rangi nyekundu ya kulainishia ngozi yaliyotakiwa viwandani Ulaya. Sheria ile ilisema "hifadhi", na aliyetumwa kuisimamia alipewa daftari la mapato.

Biashara yenyewe ni ya kale kuliko serikali zote hizo. Katika karne ya 10 mwanajiografia al-Istakhri aliandika kwamba nyumba za Siraf, bandari ya Uajemi, zilijengwa kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanj. Atakayeingia nyumba ya mawe ya Lamu au Unguja akanyoosha utepe kutoka ukuta hadi ukuta atakuta vyumba vingi ni virefu lakini vyembamba, upana wake mita mbili na nusu au zaidi kidogo. Si kwamba mafundi hawakupenda vyumba vipana. Boriti ya mkoko inayoweza kubeba dari la mawe na chokaa haifiki mbali zaidi ya hapo. Ukienda Kuwait au Bahrain, katika majumba ya zamani yaliyosalia, utakuta chumba chembamba vilevile na boriti zilezile, ambazo Waarabu wa huko wanaziita chandal. Dari nyingi za Ghuba zilitoka kwenye matope yetu, na msomi wa usanifu anayesifu vyumba hivyo bila kumtaja mkata boriti ameacha nusu ya nyumba nje.

Lugha ya biashara hiyo ingali hai. Mti mwembamba ni fito, unaofuata ni pau, halafu boriti, halafu nguzo. Huhesabiwa kwa korija, na korija ni miti ishirini. Mhesabuji husimama ubavuni mwa chombo, wachukuzi wanapita mmoja mmoja na mzigo begani, matope hadi magotini, naye huita namba kwa sauti hadi ishirini, kisha huanza tena moja. Nimesimama pembeni nikisikiliza hesabu ya namna hiyo, na nilijifunza haraka kwamba korija ya karatasini na korija ya chomboni ni ndugu wasiofanana sana. Boriti nene kidogo ikipita kama pau, hakuna aliyeiba mti, na serikali imepoteza ushuru. Pau ikihesabiwa mbilimbili, korija inakuwa na arobaini. Ili kuzuia hayo lazima mtu awepo pale pale, maji yanapojaa, saa yoyote ya usiku, akiujua mkandaa kwa gome lake na akijua unene kwa kiganja. Mtu huyo ndiye sheria. Asipokuwepo, sheria imebaki mjini.

Turudi mwaka 1898, kwa sababu ndipo fundo lilipofungwa. Mwaka huohuo ambao delta iliwekwa chini ya misitu ya serikali, Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba. Historia zetu huyaweka mambo haya mawili katika sura mbili tofauti, moja ya mazingira na nyingine ya uchumi wa kikoloni. Kwa mwanakijiji wa Rufiji yalikuja na mtu mmoja. Jumbe aliyekuja kudai kodi ndiye aliyekuja kusema mti huu si wako tena, na nyuma ya jumbe alikuwepo akida, mara nyingi mgeni wa nchi ile, aliyewajibika kwa bwana mkubwa wa boma. Majumbe walijipatia fungu katika kodi waliyokusanya. Kwa hiyo tangu mwanzo mtendaji wa ngazi ya chini alijua hesabu ambayo hakuna ofisa mazingira aliyeibadilisha mpaka leo: anayekusanya anapata, anayezuia hapati kitu.

Septemba 1904 ilitoka amri ya kuhifadhi misitu kwa koloni zima. Kwenye karatasi ilikuwa na busara. Misitu ya milimani hulinda vyanzo vya maji, na ofisa aliyeandika hivyo hakuwa mwongo. Ila utekelezaji wake uliangukia kwa maakida wale wale. Mtu alikatazwa kufyeka shamba mahali alipofyeka babu yake, akatakiwa kulipia kuni na miti ya kujengea, akafukuzwa katika makaburi na mizimu iliyokuwa ndani ya mpaka mpya. Mwezi Julai 1905 vita vya Maji Maji vilianza Nandete, kwenye vilima vya Matumbi, kusini tu mwa Rufiji, na dawa ya maji ilitoka kwa mganga Kinjeketile huko Ngarambe.

Hapa pana ubishi nisioweza kuupita. Tulipokuwa shuleni tulifundishwa sababu za Maji Maji kama dua: pamba ya lazima, kodi, viboko, dharau. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, katika kitabu chake Wielding the Ax cha mwaka 2009 na katika kazi zake za kabla ya hapo, ameonyesha kwamba misitu nayo ilikuwa miongoni mwa sababu, na kwamba nchi iliyowaka kwanza ilikuwa ndiyo hiyo iliyokuwa inapokonywa misitu na uwindaji. Wapo wanaosema amelivuta jambo mno, kwamba watu waliochapwa viboko kwenye mashamba ya pamba hawakuhitaji sababu ya ziada. Nimewasikiliza, ila mimi nasimama na Sunseri. Pamba ilimchukulia mtu siku zake, kodi ikamchukulia fedha, lakini amri ya misitu ilimwondolea mahali pa kukimbilia pamba na kodi vilipomzidi. Msitu ulikuwa ghala lake la njaa: ndani yake palikuwa na mizizi, asali, nyama na mpira wa porini wa kuuza ili alipe kodi hiyohiyo. Ukifunga ghala la mtu kwa ufunguo wa jumbe anayelipwa kwa makusanyo, umempa sababu ya kunywa maji yoyote atakayopewa.

Vita vilizimwa kwa njaa iliyofuata, na mpaka wa msitu haukusogezwa. Delta ilivuma tena ulimwenguni mwaka 1914 na 1915 kwa sababu ya manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha katika mito ya mikoko mpaka ikaangamizwa Julai 1915. Vitabu vya manowari hiyo ni vingi kuliko vya delta yenyewe, na hilo linanisikitisha.

Waingereza waliandikisha upya mikoko ya pwani kuwa hifadhi kati ya 1928 na 1932, Kenya nako kukawa hivyohivyo mwaka 1932, na biashara ikaendelea. Picha bora tuliyonayo ya miaka hiyo iliandikwa na baharia wa Australia, Alan Villiers, aliyesafiri mwaka 1938 na 1939 katika jahazi kubwa la Kuwait lililoongozwa na nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi. Jahazi liliingia Rufiji kupakia boriti, na kitabu chake Sons of Sinbad, kilichotoka mwaka 1940, kinaeleza taabu ya mabaharia katika matope, mvua na mbu. Kazi ile ilifanyika ndani ya hifadhi ya serikali na iliruhusiwa, kwa sababu kwa hesabu ya ofisi ya misitu jahazi lililojaa boriti lilikuwa mafanikio. Nasisitiza hili kwa ajili ya wale wanaodhani ukataji wa mikoko ulikuwa uhalifu wa wanakijiji: kwa karibu karne nzima mkataji mkubwa alikuwa na kibali.

Miaka ya uhuru naipita upesi. Sheria ya misitu ya mwaka 1957 ilirithiwa kama ilivyokuwa. Ghuba ilipata mafuta, ikajenga kwa zege na nondo, masoko ya boriti yakapungua. Operesheni Rufiji ya 1968 na 1969 iliwahamisha watu kutoka bonde la mafuriko kwenda nchi kavu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mto wenyewe ulielekeza maji yake mengi kwenye matawi ya kaskazini ya delta, maji yakapungua chumvi, na pale palipoota mikoko pakafaa mpunga. Anayewaita wakulima wa kaskazini wavamizi na asiutaje mto uliohama, ameanza hadithi katikati.

Mwaka 1987 serikali ilipiga marufuku ukataji wa mikoko. Naamini nia ilikuwa safi kabisa. Hali ilikuwa imefika pabaya, na waliotoa amri walitaka kuokoa. Lakini hebu tuitazame amri hiyo ikishuka kutoka Dar es Salaam kwenda chini. Inafika mkoani kama waraka. Inafika wilayani, Utete, kwa ofisa mmoja mwenye wasaidizi wachache. Delta ilihesabiwa kuwa na zaidi ya hekta 53,000 za mikoko, na njia zake ni mito: Simba Uranga, Kikunya, Kiomboni, Msala na vijito visivyo na idadi, vinavyopitika maji yakijaa na kuwa tope tupu yakipwa. Pikipiki haina kazi huko. Inatakiwa mashua yenye mashine, mafuta, na nahodha anayejua bamvua na maji mafu. Kama ofisi haina chombo, bwana misitu ataomba nafasi katika chombo cha mfanyabiashara, na aliyepewa nafasi chomboni, akapewa na wali wa mchana, atawezaje jioni kufungua turubai na kuhesabu korija?

Marufuku hiyo ilikuwa na aibu nyingine. Ilifuta vibali, na kwa kufuta vibali ilifuta ushuru, na kwa kufuta ushuru iliiondolea ofisi ya chini sababu pekee iliyokuwa imezoea ya kwenda mtoni. Miti haikuacha kukatwa, ila iliacha kuandikwa. Ndiyo maana sina imani na takwimu nzuri za miaka ya marufuku popote pwani. Kenya ilizuia kuuza boriti nje mwaka 1982, na Februari 2018 ikasimamisha ukataji wa miti katika misitu ya serikali nchi nzima. Watu wa Lamu, penye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, wakakaa bila kazi waliyoirithi vizazi na vizazi mpaka walipolegezewa mwaka uliofuata. Zuio la jumla ni rahisi kutangazwa kuliko lolote, kwa kuwa halimlazimu mtu yeyote kutofautisha mkata fito wa kuezekea jiko na tajiri mwenye majahazi.

Katikati ya hayo alitokea mtu aliyeelewa. Adelaida Semesi, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliongoza kazi ya kuandaa mpango wa usimamizi wa mikoko yote ya Tanzania Bara, uliokamilika mwaka 1991. Timu yake ilipima zaidi ya hekta 115,000 pwani nzima, Rufiji ikiwa karibu nusu. Kisha ikagawa misitu katika kanda nne: ya kulindwa kabisa, ya kuvunwa kwa utaratibu, ya kupumzishwa ili ipone, na ya shughuli nyingine za maendeleo. Mtu anayejua mikoko anaona mara moja uzuri wa mgawanyo huo. Mchu ukikatwa huchipua kisikini. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi ya kamba na mbegu zinazoota zikiwa bado juu ya mti, ukikatwa chini umekufa. Mkomafi hutakiwa na seremala, mlilana na mjenzi wa majahazi. Huwezi kuandika neno moja "marufuku" likaitosha miti ya tabia tofauti namna hiyo, na huwezi kuandika neno "ruksa" likaitosha pia. Mpango wa Semesi ulitaka wanakijiji wawe ndani ya usimamizi, na ulitegemea kitu kimoja tu ambacho daftari la wilaya halikuwa nacho: mtu wa kukaa huko.

Miaka sita baadaye ulikuja mtihani. Kampuni iliyoitwa African Fishing Company iliomba kujenga mabwawa ya kufugia kamba ndani ya delta, mradi mkubwa kupindukia. Baraza la Taifa la Mazingira, NEMC, lilishauri usikubaliwe. Baraza hilo liliundwa kwa sheria ya mwaka 1983 iliyolipa uwezo wa kushauri na si wa kuzuia, na mwishoni mwa 1997 serikali iliuridhia mradi. Msitu uleule ambamo mzee wa kijiji cha Mbwera angekamatwa kwa boriti tano ulikuwa tayari kugeuzwa mabwawa kwa idhini ya juu kabisa. Wanavijiji hawakukubali. Waandishi wa habari za mazingira wa JET na mawakili wa LEAT walisimama nao, mashauri yakafikishwa Mahakama Kuu, kelele zikasikika hadi nje ya nchi, na mradi ukafa bila bwawa hata moja kuchimbwa. Nawaomba wanaoandika juu ya "wavamizi" wa delta waisome habari hiyo polepole. Mara moja ambapo delta ilikuwa hatarini kuliko wakati wowote, aliyeilinda ni mwenyeji.

Sheria mpya zilizofuata ni nzuri, na nasema hivi bila kusita. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imewapa wanavijiji nafasi ya kusimamia misitu pamoja na serikali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeipa NEMC meno, na kifungu chake cha 57 kimezuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, kingo za mto au ziwa. Lakini mikataba mingi ya usimamizi wa pamoja ilikaa miaka ofisini ikisubiri saini na mgawanyo wa mapato, kijiji kikilinda bure. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, magari ya mbao yalivuka Rufiji mchana na usiku. Ripoti iliyochapishwa mwaka 2007 na shirika la TRAFFIC kuhusu magogo ya kusini mashariki ilikadiria kwamba hadi asilimia 96 ya mapato yaliyostahili kukusanywa hayakukusanywa. Ripoti ilihusu miti ya bara zaidi ya mikoko, ila ofisi zilikuwa hizohizo.

Kuna watakaouliza: kama mtendaji anapimwa kwa maduhuli, mbona alikusanya 4 tu kati ya 100? Jibu langu ni kwamba anapimwa kwa lengo, na lengo hupangwa kwa kuangalia makusanyo ya mwaka uliopita. Akishalifikia, boriti iliyobaki haina mwenyewe. Anaweza kuiachia kwa chai, au kwa woga wa mtu mkubwa aliyepiga simu, na daftari lake likabaki safi. Wanaosema tatizo ni rushwa tu wanapenda maelezo mafupi. Rushwa ipo, na inaudhi, lakini humkuta mtu ambaye tayari amewekwa mahali pabaya: analinda mali ambayo mshahara wa ofisi yake unatokana na kuiuza. Kuundwa kwa Wakala wa Huduma za Misitu mwaka 2010 kuliiondoa misitu ya taifa mikononi mwa halmashauri, na ni hatua. Wakala nao hujiendesha kwa mauzo ya mazao ya misitu.

Pia kuna ofisi zisizoonana. Chumvi kwa sheria yetu ni madini. Mwenye leseni ya kutengeneza chumvi anaweza kuwa na karatasi halali kutoka idara moja kwa ajili ya uwanda ambao idara nyingine inauita hifadhi ya mikoko. Bagamoyo, Lindi na Mtwara, mashamba ya chumvi yamekaa bega kwa bega na mikoko, na palipokatwa ili kupanua bwawa la chumvi hakuna mhesabu korija aliyeitwa.

Dar es Salaam imeuonyesha ugonjwa huu kwa uwazi zaidi. Desemba 2015 matingatinga yaliingia bonde la Msimbazi, Mkwajuni, nyumba zikiwa zimepigwa alama ya X kwa rangi nyekundu, na mita 60 za sheria ya 2004 zikatajwa. Wengi wa waliobomolewa walikuwa na leseni za makazi, umeme umeingia ndani, kodi ya majengo imelipwa. Miaka 11 sheria ilikuwepo na kila mtendaji aliyepita mtaani alipita kuchukua kitu: ada, bili, kodi. Aliyekuja kusema "usijenge" hakuja mpaka siku ya kubomoa. Bonde lile ni la hatari, na mafuriko yameua watu humo. Sitetei ujenzi wa mtoni. Natetea haki ya mtu kuambiwa sheria siku anayochimba msingi.

Delta nayo ilipata operesheni zake za kuwaondoa wakulima wa mpunga. Mwaka 2012 watafiti Betsy Beymer-Farris na Thomas Bassett walichapisha makala wakisema kwamba habari ya wavamizi ilikuwa inatumika kuwaondoa wenyeji wa siku nyingi kwa jina la biashara ya hewa ukaa. Mwaka uliofuata wahifadhi na wanasayansi kadhaa wakawajibu kwa ukali, wakipinga namna mradi wa hewa ukaa ulivyoelezwa. Nimezisoma pande zote mbili kwa nia njema. Juu ya mradi, waliojibu wanastahili kusikilizwa. Juu ya wenyeji, Beymer-Farris na Bassett wako karibu zaidi na kumbukumbu: mpunga wa Rufiji ulikuwa unauzwa nje ya bonde karne ya 19, kabla ya bendera yoyote ya Ulaya. Kinachonisikitisha ni kwamba katika kurasa zote hizo mtendaji wa kijiji, bwana misitu na diwani hawaonekani. Mabishano yalikuwa kati ya upande wa mkulima na upande wa wahifadhi, na mtu wa katikati, ambaye miaka 100 na zaidi ndiye aliyeamua mti gani uanguke, alikaa nje ya picha.

Sehemu ya kosa ni yetu sisi waandishi wa historia. Nyaraka za serikali zimehifadhi waraka na makusanyo, nasi tumeandika waraka na makusanyo. Hatuna sauti ya mkata boriti wa 1930, wala ya bwana misitu aliyekataa wali wa mchana, na hakika walikuwepo waliokataa. Sauti hizo zimo majumbani: katika leseni ya boriti iliyokunjwa ndani ya msahafu wa babu, katika daftari la nahodha, katika risiti ya ushuru ya Utete au Lamu yenye idadi ya korija na sahihi ya ofisa. Msomaji, kama nyumbani kwenu kuna karatasi ya namna hiyo, usiichome wakati wa kusafisha sanduku. Ipeleke Idara ya Nyaraka za Taifa au makumbusho iliyo karibu nawe, na uandike pembeni ilikuwa ya nani na alikata mto gani.